Louis Braille, Mwana wa Mshona Matandiko

Watu wengi husema kwamba mtoto fulani anasoma kwa breli, na wengine husema kwa maandishi ya nukta nundu, wala hawajui kwamba Braille lilikuwa jina la mtu. Alikuwa mwana wa fundi wa kijijini, Mkristo aliyepiga kinanda kanisani, naye mwenyewe alikuwa haoni. Mwezi huu tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za maisha yake, tena kwa kirefu kidogo, maana zinagusa jambo ambalo wazazi wengi hulibeba kimya kimya: mtoto asiyeona apelekwe wapi, na asome kwa kitu gani. Siku hizi wenyewe hupenda kuitwa wasioona, na ndivyo ilivyo vema. Lakini katika habari za zamani tutalitumia pia neno kipofu, kwa kuwa watu wa siku zile hawakuwa na jingine.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, mwendo wa kilomita 40 hivi mashariki ya Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa mshona matandiko ya farasi. Alitengeneza hatamu, mikanda na viti vya kupandia. Kazi hiyo ilikuwa na heshima, kwa maana wakati huo hapakuwa na motokaa, na kila aliyelima au kusafiri alimhitaji farasi. Mama yake aliitwa Monique. Louis alikuwa mtoto wa nne na kitinda mimba, akapendwa kama wanavyopendwa vitinda mimba mahali popote.

Mwaka 1812, alipokuwa na miaka 3, aliingia katika karakana ya baba yake akachukua chombo chenye ncha. Wengi husema kilikuwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini ambayo washona viatu hutobolea ngozi. Akataka kutoboa ngozi kama alivyomwona baba yake akifanya. Chombo kikateleza kikamchoma jicho. Wazazi walitafuta tiba kadiri walivyoweza, lakini dawa za kuua vijidudu hazikuwapo bado ulimwenguni. Jicho lile likaharibika, na baadaye ugonjwa ukalishika jicho la pili. Alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Katika Ulaya ya wakati ule kipofu wa familia ya kawaida alikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuomba sadaka mlangoni pa kanisa. Wazazi wa Louis hawakukubali hayo, wala hawakumficha mtoto ndani. Baba yake alimchongea fimbo akamfundisha kutembea kijijini kwa kuhesabu na kusikiliza. Alimpa kazi ndogo ndogo karakanani, mahali pale pale alipoumia. Pia inasimuliwa kwamba alipigilia misumari yenye vichwa vya mviringo katika kipande cha ubao kwa umbo la herufi, ili mtoto azipapase na kuzijua. Hatujui kama kulikuwa na mtu aliyemfundisha kufanya hivyo. Tunaona ni akili ya fundi, ambaye kazi yake yote ilikuwa ya mikono.

Mwaka 1815 alikuja Coupvray padre mpya, jina lake Jacques Palluy. Huyu alimwita kijana nyumbani kwake akamfundisha habari za Biblia na mambo ya dunia, na kumtambulisha ndege kwa sauti zao na maua kwa harufu. Alipoona kwamba mtoto ana akili nyepesi, alikwenda kwa mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, akamwomba ampokee pamoja na wenzake wanaoona. Mwalimu akakubali. Jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo. Louis alikaa darasani akisikiliza, akakariri kila kitu, na mara nyingi aliwashinda wenzake. Lakini walipofungua vitabu, yeye alikaa mikono mitupu.

Padre Palluy aliona kwamba hapo ndipo mwisho wa uwezo wa kijiji. Basi akaenda kwa kabaila wa mahali pale, marikizi wa Orvilliers, aliyekuwa amesikia habari za shule ya vipofu huko Paris, akamwomba aandike barua. Barua ikaandikwa, nafasi ikapatikana, na ada ikasamehewa. Tarehe 15 Februari 1819 Simon-René alipanda gari la farasi pamoja na mwanawe mwenye miaka 10, akampeleka Paris. Tukihesabu, tunaona ilihitaji baba, padre, mwalimu na mkubwa mmoja mwenye kalamu, na kama mmoja wao angekataa, tusingekuwa na habari hii ya kusimulia.

Shule aliyoingia ilikuwa ya kwanza ya namna yake duniani, nayo ilikuwa kazi ya mtu aitwaye Valentin Haüy. Mwaka 1771 Haüy aliwaona vipofu fulani katika tamasha la Paris wamevikwa kofia za kuchekesha na miwani ya bandia, wakilazimishwa kupiga fidla vibaya mbele ya vitabu vya muziki ili watu wacheke. Aliona aibu sana, akakusudia moyoni kwamba atawafundisha vipofu kusoma. Mwaka 1784 alimchukua kijana aliyeomba sadaka mlangoni pa kanisa, François Lesueur, akampa fedha ile ile aliyokuwa akiipata kwa kuomba, kisha akamfundisha. Haüy ndiye aliyebuni vitabu vyenye herufi zilizoinuka. Karatasi nene yenye majimaji ilikandamizwa juu ya herufi kubwa za chuma, ikikauka herufi zikabaki zimevimba, na kipofu akazisoma kwa vidole.

Ulikuwa mwanzo mwema, lakini ulikuwa na shida zake. Herufi zilikuwa kubwa sana, hivyo kitabu kimoja kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Kidole kilipaswa kuzunguka kila herufi ili kuitambua, na msomaji alipofika mwisho wa sentensi alikuwa karibu amesahau mwanzo wake. Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache. Tena, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kipofu hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Aliweza kupokea maneno ya watu wengine kwa taabu, lakini yake mwenyewe hakuweza kuyaweka mahali. Hakuweza kuandika barua kwa mama yake, wala hesabu ya fedha zake, wala dokezo la somo la jana.

Jengo la shule lilikuwa la kale, lenye unyevu na giza, karibu na mto Seine, na afya ya watoto wengi iliharibika humo. Mkuu wa kwanza aliyemkuta, daktari Guillié, alikuwa mkali. Hata hivyo Louis alifanya vizuri. Alijifunza kusuka na kushona viatu vya nyumbani kama wenzake wote, akapata zawadi katika masomo, na zaidi ya yote alijifunza muziki. Mwaka 1821 Guillié aliondolewa, akaja Alexandre-René Pignier, mtu mpole. Mwaka huo huo Pignier alimkaribisha mzee Haüy, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amefungiwa mlango wa shule aliyoianzisha yeye mwenyewe. Wanafunzi wakamwimbia. Mzee alifariki mwaka uliofuata.

Katika mwaka ule ule wa 1821 mtu mwingine alibisha hodi, naye ni Charles Barbier, aliyepata kuwa ofisa wa mizinga katika jeshi. Alikuwa amebuni maandishi ya nukta zilizoinuka, zinazochomwa katika karatasi kwa kalamu ya chuma yenye ncha butu. Safu zake zilikuwa mbili, kila moja ikiweza kuwa na nukta mpaka 6, na kila alama ilisimamia sauti badala ya herufi. Wanafunzi walipoyapapasa walifurahi mno. Kwa mara ya kwanza walikuwa na kitu ambacho kidole kilikitambua upesi, tena kitu ambacho wangeweza kukiandika kwa mikono yao.

Louis, aliyekuwa na miaka 12, alifurahi kama wengine, lakini pia aliona kasoro. Alama zilikuwa ndefu kupita ncha ya kidole, hivyo kidole kililazimika kupanda na kushuka. Kwa kuwa ziliandika sauti tu, mwanafunzi hakujifunza tahajia, na alibaki kuwa mtu asiyejua kuandika kama wengine waandikavyo. Hapakuwa na nukta za kituo, wala tarakimu, wala muziki. Alipoyasema hayo, Barbier hakupendezwa sana kurekebishwa na mtoto. Basi Louis akaanza kufanya kazi peke yake, usiku katika bweni baada ya masomo, na wakati wa likizo huko Coupvray. Alitumia miaka mitatu. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa tayari kwa sehemu kubwa.

Tuieleze kazi hiyo, kwa sababu ni nyepesi kiasi kwamba msomaji anaweza kuijaribu mezani. Chukua punje 6 za mahindi uzipange katika safu mbili zilizosimama, tatu kushoto na tatu kulia. Hiyo ndiyo nyumba nzima, nayo inaenea chini ya ncha ya kidole cha shahada bila kidole kusogea. Acha punje ya juu kushoto peke yake, umepata A. Ongeza ya katikati upande huo huo wa kushoto, umepata B. Punje mbili za juu, ya kushoto na ya kulia, ni C. Herufi 10 za kwanza, A mpaka J, hutumia punje nne za juu tu. Kisha Louis alirudia zile zile akaongeza punje ya chini kushoto: A ikawa K, B ikawa L, na kuendelea. Mara ya tatu akaongeza punje zote mbili za chini, A ikawa U. Kwa hiyo anayejifunza alama 10 amekwisha kujifunza karibu zote. Katika mpango huu wa nukta 6 mna alama 63, zinazotosha herufi, vituo, tarakimu na hata muziki. Neno baba lote linaandikwa kwa nukta 6 tu.

Herufi moja haifuati mpango huo, nayo ni W. Kifaransa cha wakati ule hakikuihesabu miongoni mwa herufi zake, basi Louis hakuiwekea nafasi, ikaongezwa baadaye na kuwekwa pembeni. Sisi tunaosema Kiswahili hatuwezi kumaliza sentensi mbili bila W, hata hivyo wanafunzi wetu huizoea kama nyingine.

Ya kuandikia yalikuwa ubao, kipande cha chuma chenye madirisha madogo, na kalamu ya kutobolea. Mwandishi huchoma nukta kutoka kulia kwenda kushoto, halafu huigeuza karatasi na kuisoma upande wa pili kutoka kushoto kwenda kulia. Wapo waandishi waliokwisha kutambua kwamba kalamu hiyo inafanana sana na kile chombo kilichomtoa jicho. Sisi tunalitaja tu na kuendelea.

Mwaka 1828 Louis alifanywa mwalimu msaidizi katika shule yake, na mwaka 1829 kitabu chake kilitolewa, kikieleza namna ya kuandika maneno, muziki na nyimbo za kanisa kwa nukta. Kwa kuwa wenye mamlaka walizijua herufi za Haüy tu, kitabu kilichoeleza maandishi mapya kilichapwa kwa maandishi ya zamani. Humo alimtaja Barbier kwa heshima na kukiri kwamba wazo la kwanza lilitoka kwake. Chapa ya pili, iliyosahihishwa, ilitoka mwaka 1837. Mwaka 1833 alikuwa amepewa ualimu kamili pamoja na rafiki zake wawili wasioona, Gabriel Gauthier na Hippolyte Coltat. Alifundisha sarufi, historia, hesabu na muziki, na mwaka 1838 akaandika kitabu kidogo cha hesabu kwa wanaoanza. Siku za Jumapili alipiga kinanda katika makanisa ya Paris, mojawapo likiwa Saint-Nicolas-des-Champs. Waliomjua walisema alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa kujitangaza.

Wanafunzi waliyapokea maandishi yake kama wenye kiu wapokeavyo maji. Waliandika madokezo ya masomo, wakanakili vitabu, wakapelekeana barua. Lakini serikali haikuyakubali, na waalimu wengi wenye kuona hawakuyapenda. Tusiwadharau upesi, maana hoja yao ilikuwa na uzito. Walisema kwamba maandishi ambayo mwenye macho hawezi kuyasoma yatawatenga vipofu na jamaa zao. Afadhali wote wasome herufi moja, hata kama kipofu atasoma polepole. Walichokosa kukijua ni kwamba umbo linalopendeza macho huenda likawa gumu kwa kidole, na jambo hilo hawakuweza kulijua kwa sababu wao walisoma kwa macho. Huenda wengine pia waliogopa kwamba vipofu wakijua kuandika, watataka kufundisha wenyewe.

Louis aliisikia hoja ile ya utengano, akaijibu kwa kazi. Mwaka 1839 alitoa njia nyingine, ambayo kwayo kipofu aliweza kuchora kwa nukta umbo la herufi za kawaida, ili aandike barua isomwe na mtu yeyote nyumbani. Rafiki yake Pierre Foucault, naye kipofu, akaunda mashine ya kuandikia kwa njia hiyo, miaka mingi kabla ya taipureta kuenea maofisini. Jambo hili halitajwi mara nyingi. Kwa maoni yetu linaonyesha mtu jinsi alivyo, kwamba hakukasirika bali alitengeneza chombo.

Mwaka 1840 Pignier alilazimishwa kuondoka, na nafasi yake ikashikwa na Pierre-Armand Dufau, aliyekuwa upande wa wapinzani. Dufau alipiga marufuku nukta. Alileta herufi za kuinuka za namna nyingine kutoka ng'ambo, na inasimuliwa kwamba vitabu vya zamani vilichomwa moto na vifaa vya kuandikia vikanyang'anywa. Wakati huo Louis alikuwa mgonjwa. Tangu mwaka 1835 hivi alikuwa na kifua kikuu, kama wengi waliolelewa katika jengo lile lenye unyevu, na mara kwa mara alirudi Coupvray kupumzika. Kwa hiyo alikaa katika shule ambamo kazi ya maisha yake imekatazwa, bila nguvu ya kushindana. Hatuna habari kwamba alifanya fitina yoyote.

Waliomwokoa walikuwa watoto. Inasimuliwa kwamba waliendelea kuandika kwa siri usiku, wakitumia misumari, uma za mezani na sindano za kufumia, na wakubwa wakawafundisha wadogo. Unaweza kumnyang'anya mtoto kitabu, lakini kumsahaulisha kusoma si rahisi. Makamu wa Dufau, Joseph Guadet, aliyaona hayo akabadili mawazo, akamshawishi na mkubwa wake. Tarehe 22 Februari 1844, shule ilipozindua jengo jipya lenye hewa nzuri, Guadet aliyaeleza maandishi ya Louis mbele ya wageni na kumtaja mwenye kuyabuni. Wageni walikuwa na shaka kwamba watoto wamekaririshwa, basi mtoto mmoja akaandika maneno aliyosomewa papo hapo, na mwingine ambaye hakuwapo chumbani akaitwa, akayasoma bila kosa. Marufuku ikaisha. Louis alikuwa na miaka 35.

Baada ya hapo aliishi miaka 8 tu, akifundisha alipopata nafuu na kulala alipozidiwa. Desemba 1851 alitoka damu nyingi kifuani. Alipokea Sakramenti, akawaaga rafiki zake, akafariki tarehe 6 Januari 1852, siku ya Epifania, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Alizikwa Coupvray karibu na jamaa zake. Inasimuliwa kwamba aliacha sanduku dogo na maagizo lichomwe bila kufunguliwa. Walipolifungua walikuta hati za madeni, za wanafunzi na watu wengine aliowakopesha fedha kutoka mshahara wake mdogo. Hakutaka wadaiwe.

Wakati wa kifo chake maandishi yale yalikuwa hayajakubaliwa rasmi hata katika nchi yake. Yalikubaliwa miaka miwili baadaye, mwaka 1854. Nje ya Ufaransa ilichukua muda zaidi. Huko Uingereza kila shule ilikuwa na herufi zake, na kila mwenye kubuni alisifu zake. Mwaka 1868 daktari Thomas Rhodes Armitage, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia hata akaacha udaktari, aliunda kamati ya kuchagua. Masharti yake yalikuwa ya pekee: wajumbe wawe vipofu, kila mmoja ajue angalau namna tatu za maandishi, wala asiwe na faida ya fedha katika hata moja. Mpaka wakati huo waliokuwa wakichagua karibu wote walikuwa watu wenye macho. Kamati hii ilipima, ikachagua nukta za Braille. Mkutano wa mataifa uliofanyika Paris mwaka 1878 nao ukazisifia. Wamarekani waligombana juu ya nukta mpaka miaka ya 1930, na kwa muda mrefu msomaji wa huko alipaswa kujua namna kadhaa za maandishi ili asome vitabu vya miji mbalimbali. Kisha baada ya vita ya pili ya dunia UNESCO ilichukua kazi ya kupatanisha nukta za lugha za Asia na Afrika, ikiongozwa na Clutha Mackenzie wa New Zealand, aliyepoteza macho vitani Gallipoli mwaka 1915.

Kwetu Afrika ya Mashariki nukta hizi zililetwa kwa sehemu kubwa na makanisa. Nchini Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya Thika mwaka 1946. Nchini Tanzania, Kanisa letu la Anglikana lilianzisha shule ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Kiswahili kilifaa sana kwa maandishi haya, kwa kuwa huandikwa kama kinavyosemwa. Mtoto akijua alama zake, anaweza kusoma neno lolote.

Hapa tuseme neno kwa wazazi. Mtoto apelekwe kwanza kwa daktari wa macho, maana si kila anayeitwa kipofu ni kipofu kabisa. Wako wengi wenye uoni hafifu, hasa watoto wenye ualbino, wanaoweza kusoma kwa miwani, kwa kioo cha kukuzia, kwa herufi kubwa, au kwa kuketi tu mbele ya darasa mbali na mwanga mkali. Zamani wengi wao walipelekwa katika shule za wasioona wakafundishwa nukta, nao wakazisoma kwa macho wakiinama juu ya karatasi, jambo linalochosha macho yale yale yanayohitaji kutunzwa. Baada ya daktari, mzazi aende kwa Afisa Elimu wa wilaya aulize shule yenye mwalimu wa elimu maalumu. Asingoje mtoto akue. Kidole nacho hujifunza upesi kikiwa kichanga.

Vifaa bado ni shida. Mashine ya Perkins, yenye vitufe 6 vya kuandikia nukta, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, ni imara sana lakini ni ghali. Biblia nzima ya Kiingereza kwa nukta hufika vitabu vikubwa 40 hivi, haitoshi kabati moja. Kwa muda mrefu pia sheria za hakimiliki zilizuia nchi moja kuipa nyingine vitabu vilivyogeuzwa kwa ajili ya wasioona. Ndipo mwaka 2013 mataifa yakakubaliana mkataba huko Marrakesh wa kuondoa kizuizi hicho. Siku hizi kuna vyombo vya kompyuta vyenye vijiti vidogo vinavyopanda na kushuka chini ya vidole, na ukurasa mmoja hufuata mwingine bila karatasi. Wako wanaosema kwamba simu inayosoma kwa sauti imemaliza haja ya nukta. Sisi hatukubali. Mtoto anayesikia tu hajui neno linavyoandikwa, na ndivyo ilivyokuwa kwa Louis alipokaa mikono mitupu katika darasa la Bwana Bécheret.

Turudi Coupvray. Juni 1952, miaka 100 baada ya kifo chake, serikali ya Ufaransa iliamua kuuhamisha mwili wake kwenda Panthéon huko Paris, mahali wanapolazwa watu wakuu wa nchi hiyo. Watu wasioona kutoka nchi nyingi waliandamana nyuma ya jeneza, fimbo mikononi. Watu wa kijiji hawakuweza kukataa, lakini waliomba wabakiziwe kitu, wakakubaliwa. Mifupa ya mikono yake imo ndani ya chombo kidogo juu ya kaburi la zamani, katika makaburi ya Coupvray, na nyumba ya baba yake ikafanywa makumbusho.